Mizani ya Maziwa

Walimleta Lizandro kabla jua halijagusa theluji ya mlima,
mikono imefungwa kwa kamba,
kamba ileile, wakasema, aliyomfungulia ng'ombe wa Tránsito.
Uwanja wa shule ulikuwa mweupe kwa sakitu.
Watu mia mbili, poncho mia mbili, pumzi zikifuka
kama vyungu vilivyoepuliwa sasa hivi.

Hapa Rumipata hatupeleki kesi mjini.
Mjini kesi hulala, huota kuvu, huamkia mfukoni mwa mtu.
Hapa huanza usiku, ikaisha kabla ya kukamua.
Belisario, mwenyekiti, alisoma shtaka
kutoka daftari la hesabu la mwanawe:
ng'ombe mmoja, mweusi, pembe moja imevunjika,
kauzwa sokoni Jumamosi, fedha imeishia kwenye dawa na pombe.
"Dawa," alisema Lizandro.
"Na pombe," akasema mkewe,
watu wakacheka, nami nikacheka,
maana kicheko nacho hupiga kura.

Wakamvua shati.
Ndoo za kwanza walimimina wanaume,
maji ya ziwa la juu, maji yasiyojua jua.
Kisha wakaita: mama yake wa ubatizo yuko wapi?
Ndiye humaliza kwa upupu;
aliyemshika mtoto kwenye maji ya kanisa
amshike na kwenye haya.

Ni mimi.
Zoila, mpima maziwa.

Kila alfajiri, miaka sita sasa,
wanawake hupanga madumu yao mbele yangu
nami huandika. Tránsito, lita tisa.
Tránsito huleta tisa na nusu.
Nusu ya huyu, robo ya yule.
Nusu si ng'ombe, huwezi kuifunga kamba,
haina pembe ya kutambuliwa sokoni.
Imeezeka bati jikoni kwangu.
Imemsomesha binti yangu uuguzi, Riobamba.
Watu husema siku za mwizi ni arobaini;
zangu nilihesabu hadi elfu mbili, nikaacha.

Na Lizandro alijua.
Juni ile alipoleta dumu la mamaye mgonjwa
alitazama kijiti changu cha kupimia,
akatazama kalamu,
akanitazama.
"Siku njema, mama," akaenda zake.

Nilishika fungu la upupu kwa kitambaa.
Begani mwake kovu la chanjo:
nilikuwepo siku ile, ni mimi niliyembembeleza.
Nikangoja aseme.
Midomo ilikuwa ya buluu, inatetemeka,
neno moja tu, kijiti,
na ndoo zote zingegeuka.
Nilimpiga mara tatu.
Ya kwanza kwa jina la Mungu,
ya pili kwa jina la jumuiya,
na ya tatu, iliyozidi zote kwa nguvu,
ili anyamaze.

Alisema, "Asante, mama,"
kama desturi inavyotaka.
Wakamfunika blanketi, wakamkumbatia mmoja mmoja,
Tránsito wa kwanza.
Ametakata, wakasema. Amerudi.
Atachimba mfereji miezi minane kulipa ng'ombe,
na jua lilipopanda alikuwa anakula viazi nasi,
uso umevimba, anacheka.

Mimi kiganja kinaniwasha.
Kitambaa kilikuwa na tundu.
Nimepaka mafuta ya kondoo, nimepaka majivu,
usiku najikuna hadi mbwa anaamka.

Leo Tránsito kaleta dumu lake, la ng'ombe mmoja.
Lita tano. Nimeandika tano.
"Tano?" akasema. "Juzi si ilikuwa nne na nusu?
Kumbe aliyebaki anamfidia aliyeibwa!"
Akaondoka akimsifu ng'ombe kwa kila jirani.

Mama yangu wa ubatizo alikufa zamani.
Nani atanivua poncho?
Nimesimama na kijiti kinachodondosha matone,
nyuma ya Tránsito madumu kumi na saba,
na wenyewe wananiuliza
mbona leo foleni haisogei.